Gesi Ipimwe, na Maji Yake Nayo Yapimwe

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala katika bwalo letu la chakula, na hoja ilikuwa kwamba gesi asilia imeinufaisha nchi yetu. Msemaji mmoja wa upande wa kupinga alisimama akasema kwa sauti kuu kwamba tunaibiwa, na ya kuwa mita za gesi zinasema kitu ambacho hakuna Mtanzania akijuaye. Alipigiwa makofi mengi sana. Msemaji wa upande wa pili akajibu ati mitambo ya siku hizi haikosei, basi tuwaachie wataalamu kazi yao. Naye alipigiwa makofi, ingawa machache. Mimi sikupata nafasi ya kusema, maana kengele ya kusomea ililia, na ndiyo sababu naomba nafasi katika gazeti letu hili. Kwa maoni yangu wote wawili walikosea, tena walikosea mahali pamoja: hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo mita hupima namna gani.

Kabla sijafika huko, naomba niwapeleke kwetu. Kwetu ni Mkwaja, katika pwani ya Pangani, jirani na mbuga ya Saadani. Mama yangu hununua kamba kwa wavuvi (nasema kamba wa baharini, wa kuliwa, si wa kufungia mbuzi) na kuwauzia matajiri wanaokuja na magari yenye barafu. Likizo ya Desemba nilifuatana naye ufukweni alfajiri. Kamba walitolewa ndooni wakichuruzika maji, wakawekwa juu ya mizani, na mizani ikasema kilo 12. Tajiri akatazama kidogo, akasema, "Mama, humo mna maji kilo 2. Nakuandikia 10."

Mama akamwambia, "Mwanangu, kamba umewapima kwa mizani. Na maji umeyapima kwa jicho?"

Watu wote walicheka, na tajiri mwenyewe akacheka, lakini kilo 2 zilikwenda. Sisemi kwamba maji hayakuwamo. Yalikuwamo, niliyaona yakidondoka. Lakini huenda yalikuwa kilo 1, au nusu kilo. Au huenda yalikuwa kilo 3, na mama ndiye aliyepata faida siku ile pasipo kujua. Hapana aliyejua, na kwa kuwa hapana aliyejua, mwenye fedha ndiye aliyeamua.

Basi, niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu wa fizikia habari hii, naye akaniambia neno ambalo sikulitarajia: kwamba wapimaji wa gesi duniani wanasumbuliwa na swali lile lile la mama yangu. Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili, na mwalimu amenisahihisha mara nyingi.

Wengi wetu hudhani kwamba gesi hutoka chini ya ardhi ikiwa safi na kavu kama ile ya mtungi wa kupikia. Sivyo. Gesi hutoka katika miamba yenye maji, nayo huja pamoja na mvuke wa maji, matone ya maji, na mara nyingi mafuta mepesi kidogo. Gesi yetu ya Kisiwa cha Songo Songo, kule Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, karibu yote ni methani, na huhesabiwa kuwa kavu ukiilinganisha na gesi za nchi nyingine nyingi. Hata hivyo haiwezi kutiwa katika bomba refu kama ilivyotoka kisimani. Yapasa kwanza ipelekwe kiwandani ikatengwe na maji na kukaushwa, ndipo isafiri. Gesi ya Songo Songo ilianza kusafiri hivyo mwaka 2004, ikipita chini ya bahari kiasi cha kilomita 25, kisha nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hata Ubungo, Dar es Salaam. Ile ya Mtwara ilipata bomba lake kubwa, lenye kipenyo cha inchi 36, mwaka 2015.

(Wenzangu wa Tanga wataniuliza juu ya bomba la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani. Hilo ni la mafuta ghafi, si la gesi, nalo lina maswali yake. Leo naliacha.)

Gesi ikiwa bado haijakaushwa, imechanganyika na vimiminiko kidogo, wataalamu huiita gesi yenye majimaji. Gesi yenyewe ndiyo inayojaza bomba, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya nafasi yote, na maji hupita kama utando ubavuni mwa bomba au kama manyunyu katikati. Ukiambiwa kwamba maji ni sehemu ndogo hivyo, utasema, basi yana dhara gani? Hapo ndipo penye ajabu, na hapo naomba msomaji anivumilie.

Mita iliyotumika zaidi katika kazi hii ni kitu rahisi sana. Ni bamba la chuma lenye tundu katikati, lililowekwa ndani ya bomba. Gesi ikifika kwenye tundu hubanwa, ikabidi iende mbio, na mgandamizo wake upande wa pili wa bamba hupungua. Tunapima mgandamizo kabla ya bamba na baada ya bamba, na tofauti yake hutuambia gesi ipitayo ni kiasi gani. Mwendo ukizidi mara 2, tofauti huzidi mara 4. Elimu hii si ngeni: Daniel Bernoulli aliandika misingi yake mwaka 1738, Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akaeleza mwaka 1797 mambo yanayotokea katika bomba lililobanwa, na Mmarekani Clemens Herschel akatengeneza mita kwa njia hiyo mwaka 1887. Mita yake aliiita kwa jina la Venturi. Haina bamba, bomba lenyewe hupungua unene pole pole kama kiuno cha nyigu, kisha hupanuka tena, na kwa kuwa hakuna kizingiti cha kuzuia maji, wengi huipenda zaidi kwa gesi yenye majimaji.

Sasa fikirini. Maji ni mazito kuliko gesi. Gesi inapokimbia kupita kwenye tundu, yailazimu iyavute na maji yapite pamoja nayo, na kazi hiyo ya kuvuta huongeza ile tofauti ya mgandamizo. Lakini mita haina macho. Inaona tofauti imekuwa kubwa, ikasema, "Loo, gesi nyingi imepita!" kumbe ni gesi ile ile, imebeba mzigo. Ni sawasawa na mizani ya ufukweni, isiyoweza kumjua kamba na kulijua tone.

Kosa hili ni kubwa kiasi gani? Mwaka 1962 mhandisi mmoja Mmarekani, James Murdock, alichapisha kanuni ambayo hata mwanafunzi wa Kidato cha Nne aweza kuifanyia hesabu. Chukua uzito wa maji, ugawe kwa uzito wa gesi. Kisha chukua msongamano wa gesi, ugawe kwa msongamano wa maji, utafute kipeuo cha pili. Zidisha majibu hayo mawili, halafu zidisha tena kwa 1.26. Hicho ndicho kiasi ambacho mita ya bamba hujiongezea.

Nimefanya hesabu moja, na nasema mapema kwamba ni ya mfano tu, si habari za kisima chochote. Tuseme gesi imegandamizwa kiasi cha mara 80 ya hewa tuvutayo, hata mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 60. Kila kilo 100 za gesi zinapita na kilo 8 za maji. Gesi hiyo inajaza lita 1,667, na maji yake ni lita 8, yaani hayafiki hata nusu ya asilimia moja ya nafasi. Ukitazama kwa jicho utasema si kitu. Lakini 8 kwa 100 ni 0.08, 60 kwa 1,000 ni 0.06, na kipeuo chake ni karibu 0.245, ukizidisha yote pamoja na 1.26 unapata 0.0247. Mita imejiongezea karibu asilimia 2 na nusu. Kisima kinachotoa futi za ujazo milioni 40 kwa siku kitaandikwa milioni 41. Milioni moja kwa siku, kila siku, ya gesi ambayo haipo!

Kanuni ya Murdock ni ya zamani, na zile zilizofuata hutazama pia mgandamizo na mwendo wa gesi, kwa hiyo majibu hubadilika. Lakini zote zinakubaliana juu ya jambo moja, nalo ndilo kiini cha maneno yangu: huwezi kuisahihisha mita kama hujui maji ni kiasi gani. Kanuni inaomba uzito wa maji. Ukiutia kwa kukisia, umefanya kama tajiri wa kamba.

Mimi na wenzangu 3 wa chama cha fizikia tulitaka kuona kwa macho. Tulitoboa tundu katika kifuniko cha kopo la maziwa, tukakiweka ndani ya bomba la plastiki, tukafunga mpira mwangavu wenye maji ya rangi kwa kupimia mgandamizo, na fundi redio wa hapa jirani akatuazima kipulizo chake cha umeme anachopulizia vumbi. Hewa kavu ilipopita, tofauti ya maji katika mpira ilikuwa sentimita 4. Tulipoanza kudondosha maji ndani ya bomba kwa sindano, ilipanda hadi karibu 5. Kipulizo hakikuongezwa nguvu hata kidogo. Sitaki kujisifu, maana maji yalirukaruka vibaya hata ikawa vigumu kusoma, na mwenzetu mmoja alilowa shati lote. Lakini ilipanda, na kila tulipokata maji ilishuka.

Je, maji hupimwaje kwa kweli? Njia ya kuaminika zaidi ni kutenga. Gesi huingizwa katika mtungi mkubwa wa chuma, mwendo hupungua, maji hushuka chini, gesi hupanda juu, na kila kimoja hutoka kwa mlango wake na kupimwa peke yake. Hii yafaa sana, lakini mtungi ni mzito na wa gharama, na kisima kila kimoja hakiwezi kuwa na wake. Kwa hiyo mara nyingi visima hupimwa kwa zamu katika mtungi mmoja wa majaribio, na kati ya zamu na zamu watu huamini kwamba kisima kinaendelea vile vile. Njia nyingine ni kutia rangi maalumu katika bomba na kuchukua maji mbele ili kuona rangi imezimuliwa kiasi gani. Nyingine ni kupima mgandamizo mahali pa tatu, mbele ya mita, au kupitisha mionzi katika bomba. Mita kama hizo haziaminiwi hivi hivi. Hupelekwa kujaribiwa mahali penye gesi na vimiminiko vilivyopimwa kwanza, kama vile East Kilbride huko Scotland, na Colorado huko Marekani. Hapa Afrika Mashariki sijasikia mahali pa namna hiyo.

Yule msemaji wetu wa upande wa kukubali atasema, "Lakini gesi yetu huuzwa baada ya kukaushwa. Mita ya kuuzia inapima gesi kavu. Kelele za nini?" Ni hoja nzuri, nami nakubali kwamba kwenye gesi kavu kosa hili halipo. Walakini nina majibu mawili.

Kwanza, kisima huzeeka. Kadiri gesi inavyopungua chini, maji hupanda yakachukua nafasi yake, na kisima huanza kutoa maji mengi kuliko mwanzo. Maji yakizidi, mita isiyosahihishwa huzidi kujiongezea. Yaani kisima kinaugua, na mita inakisifu! Anayesoma mita hiyo ataamini kwamba gesi ipo tele, na huenda akapanga mambo ya miaka 10 juu ya tarakimu isiyo na kitu ndani yake. Mita ya kule mwisho wa kiwanda itamwambia jumla, lakini haitamwambia ni kisima gani kati ya vyote kinachougua.

La pili ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, na hesabu ya serikali ya gesi yote nchini, ya nchi kavu na ya baharini, ni futi za ujazo trilioni 57.54. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilitia sahihi mapatano ya awali na kampuni za Equinor na Shell juu ya kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika huko Lindi. Vitalu hivyo vya bahari kuu si vya mwenye mkataba mmoja. Ikiwa gesi yao yote itaingia katika kiwanda kimoja, itabidi ijulikane ni ipi ya kitalu kipi, kwani fungu la taifa hufuata mkataba wa kila kitalu. Na baadhi ya visima hivyo viko mahali ambapo bahari ina kina cha zaidi ya mita 2,000. Nani ataweka mtungi wa kutengea maji huko chini kwa kila kisima? Huko Norwei, katika uwanja wa gesi wa Ormen Lange ulioanza kazi mwaka 2007, gesi husafiri kiasi cha kilomita 120 chini ya bahari kabla ya kufika kiwandani, na visima vyenyewe vimewekewa mita za gesi yenye majimaji huko huko chini. Nasi huenda tukafanya hivyo. Basi kitalu chenye maji mengi kitaandikiwa gesi isiyokuwa yake, na kitalu kikavu kitanyang'anywa, pasipo mtu yeyote kuiba na pasipo mtu yeyote kusema uongo. Ila mita.

Ndiyo maana simkubali yule msemaji wa makofi mengi. Kosa la majimaji halina upande. Pengine lingemuumiza mwenye kampuni, pengine lingeliumiza taifa, kwa kutegemea ni kisima kipi kina maji na mkataba wake unasemaje. Kumwita mtu mwizi kabla ya kupima ni jambo lile lile la kutazama kamba na kusema kilo 2. Lakini simkubali pia yule wa pili, maana nchi hii ina kumbukumbu ya mita. Mwaka 2016 watu walizungumza sana juu ya mita za kupimia mafuta yanayoshushwa melini Dar es Salaam, ambazo zilikuwa zimekaa miaka bila kutumiwa, na mafuta kupimwa kwa kuchovya kijiti ndani ya matangi. Mita ilikuwapo. Iliyokosekana ni watu wa kuuliza.

Tunao wenye kazi hiyo. Iko Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Uko Wakala wa Vipimo, ambao wakulima wanaufahamu kwa vita vyake juu ya lumbesa. Liko shirika letu la petroli, TPDC. Ninachoomba ni kwamba taarifa zitolewe kwa Kiswahili chepesi, si za jumla ya gesi iliyouzwa tu, bali za kila kisima: kinapimwa kwa njia gani, kilipitishwa lini mara ya mwisho katika mtungi wa majaribio, maji yalionekana kiasi gani, na tarakimu ilisahihishwa kwa kanuni ipi. Na kuhusu Lindi, mapatano ya upimaji yaandikwe kabla bomba halijalala chini ya bahari. Ukishafika ufukweni na ndoo mkononi, jua likiwa linapanda na barafu ya tajiri inayeyuka, huna tena nguvu ya kubishana.

Wazazi watanisamehe nikisema nao neno moja. Katika kidato chetu wengi wanaikimbia fizikia, na nyumbani tunasifiwa kwa kuikimbia, ati ni ngumu na haina kazi. Kazi ya kusimama kwenye mita na kusema "hapa pana maji, tarakimu hii ishuke" itafanywa na mtu. Mimi nimekwisha kujaza fomu yangu kuomba Fizikia, Kemia na Hesabu, nikifaulu, na mama amekubali.

Yeye mwenyewe hakungoja wahandisi. Barua niliyoletewa mwezi uliopita na binamu yangu yaeleza kwamba siku hizi huwamwaga kamba juu ya chekeche la waya, akawaacha mpaka maji yaishe kudondoka, ndipo huwapeleka kwenye mizani mbele ya tajiri. Tajiri wa kwanza alikasirika akaenda zake. Wa pili alikubali, akalipa kilo zote. Mwishoni mwa barua mama ananiuliza hiyo gesi yenu nayo ina chekeche lake wapi.

Chama cha fizikia hukutana Alhamisi alasiri katika maabara. Tunataka kurudia jaribio letu kwa bomba lenye kiuno badala ya kifuniko cha kopo, na tunahitaji mpira mwangavu wa mita 2 pamoja na sindano kubwa isiyotumika. Mwenye navyo, awe mwanafunzi au mzazi, na amkabidhi mwalimu wa zamu.